Wakili anapinga kila kitu mahakama ya kijeshi: anamtetea mdogo wangu au anajiandalia rufaa?

#1 NduguWaAskari (Nakuru)

Wakuu salaam. Naomba mwenye uzoefu na mahakama ya kijeshi ya Kenya anisaidie, maana nyumbani tumegawanyika.

Mdogo wangu ni koplo. Anashtakiwa kutoroka jeshini. Alikuwa likizo, mama akalazwa, likizo ikaisha mama bado yuko wodini. Akamwandikia sajenti wake WhatsApp kuomba aongezewe siku. Sajenti akajibu "sawa, nitaongea na mkubwa, mwangalie mama." Basi, ikaishia hapo. Hakuna barua wala sahihi ya mtu. Aliporudi kambini kwa miguu yake mwenyewe akavuliwa mkanda na kuwekwa ndani.

Tumeuza kipande cha shamba tukamtafutia wakili. Sasa huyu wakili anasimama kwa kila jambo. Amepinga jinsi shtaka lilivyoandikwa, amempinga mjumbe mmoja wa jopo, amepinga karatasi za mahudhurio. Karibu kila mara anakataliwa. Naye hakasiriki, anasema tu "naomba iingie kwenye kumbukumbu," anaandika, anakaa. Wale maofisa mbele wanamkodolea macho hadi mimi huku nyuma natoka jasho.

Nilimfuata nje nikamuuliza. Akanijibu: "Hapa napigana kesi mbili, hii na ile itakayofuata." Moyo ukanishuka. Mtu anayewaza rufaa kabla hukumu haijasomwa si ameshakata tamaa? Au ndivyo inavyofanywa?

#2 Bin Shee (Mombasa)

Huyo anahesabu vikao. Kila pingamizi ni nusu siku, kila nusu siku ni pesa. Mwambie akupe bei ya kesi nzima kwa maandishi, uone kama ataendelea kusimama.

#3 MtuWaNanyuki

Bin Shee punguza ukali, mwenzio ana mtu ndani. Nimekaa hapa nasoma.

#4 Wakili Kijana (Nairobi)

Nafanya kesi za jinai na za kijeshi nimeshiriki. Sitaisemea kesi yako kwa sababu sijaona faili, ila nitakueleza mfumo.

Kwa Kenya, mahakama ya kijeshi ni mahakama ya chini, imo kwenye Ibara ya 169 ya Katiba pamoja na mahakama za mahakimu. Rufaa yake inakwenda Mahakama Kuu, na Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya 2012 inampa aliyehukumiwa siku 14. Kutoka Mahakama Kuu anaweza kwenda Mahakama ya Rufaa, lakini huko ni kwa hoja za kisheria peke yake. Kwa maana hiyo nafasi ya kubishania nani alifanya nini, lini na kwa nia gani, unayo mara mbili tu: hapo kambini, na mara moja mbele ya jaji wa Mahakama Kuu.

Jaji huyo hatawaona mashahidi. Tangu kesi ya Okeno dhidi ya Jamhuri, 1972, kanuni ni kwamba mahakama ya kwanza ya rufaa ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake yenyewe. Ataupima kutoka wapi? Kutoka kwenye karatasi. Ambacho hakikuandikwa, kwake hakikutokea.

Na kuna kifungu cha 382 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai. Kinasema hukumu haibatilishwi kwa kasoro tu, mpaka kasoro hiyo iwe imeleta uonevu. Na katika kulipima hilo, mahakama itaangalia kama pingamizi lingeweza na lilipaswa kutolewa mapema zaidi. Kifungu hicho kimeua rufaa nyingi. Mtu anakuja na hoja nzuri, jaji anamuuliza: ulikuwa wapi siku ile? Wakili wa mdogo wako, kwa unavyoeleza, hataki kuulizwa swali hilo.

Kukata tamaa sikuoni hapo.

#5 Mstaafu 79 (Tanga)

Nimesoma maelezo ya kijana hapo juu, mazuri. Lakini ameyaangalia kutoka upande wa meza ya wakili. Mimi nimekaa upande wa pili, kama mjumbe, enzi zangu JWTZ, jeshi la Tanzania. Nchi ni nyingine, sheria ni nyingine, ila ofisa ni ofisa.

Mjumbe wa mahakama ya kijeshi si hakimu wa kila siku. Ni mtu wa kikosi. Ameamka na kwata, ana askari 100 wa kuwasimamia, ameletwa pale asikilize. Anampima mshtakiwa kwa macho ya kambi: huyu ni askari au si askari? Sasa wakili akigeuza kila dakika kuwa pingamizi, mjumbe anaona anachezewa. Anafikia kuamini kwamba upande wa utetezi hauna jibu la jambo lenyewe, ndiyo maana unang'ang'ania karatasi. Hasira hiyo haiandikwi kwenye kumbukumbu yoyote, lakini inaonekana kwenye adhabu.

Ningekuwa mimi, ningechagua mambo mawili ya nguvu niyapiganie hayo, mengine niyaachie yapite. Kijana ashinde pale pale. Rufaa ni miezi, wakati mwingine ni miaka, na muda wote huo yuko gerezani, mshahara umesimama, jina limeharibika.

#6 Wakili Kijana

Mzee Mstaafu, shikamoo. Hoja ya kuwachosha wajumbe naipokea. Lakini hesabu yake inatisha: ukiyaacha mambo yapite ili wasikasirike, nao wakamtia hatiani hata hivyo, umepoteza kote kuwili.

#7 Kifaru Mweusi

Mnampa matumaini hewa. Mahakama ya kijeshi haina mwanasheria mbele, ni makanali watupu wanaotekeleza amri ya mkubwa. Na mwanajeshi akishakula kiapo haki za Katiba anaziacha getini. Rufaa ya nini?

#8 Wakili Kijana

Kifaru, hayo yote mawili si kweli kwa Kenya ya leo.

Anayeongoza kikao ni Wakili-Mwamuzi wa kijeshi, na anateuliwa na Jaji Mkuu. Lazima awe hakimu, au wakili mwenye uzoefu usiopungua miaka 10. Chini yake kuna wajumbe wasiopungua 5 kama mshtakiwa ni ofisa, wasiopungua 3 kama ni askari wa vyeo vya chini.

Kuhusu haki: Ibara ya 24(5) inaruhusu sheria ipunguze haki kadhaa za wanajeshi, na imezitaja: faragha, kujumuika, maandamano, mambo ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na zile za mtu aliyekamatwa. Haki ya kusikilizwa kwa usawa haimo humo. Zaidi ya hapo, Ibara ya 25 inasema haki hiyo haipunguzwi na yeyote. Koplo ana Ibara ya 50 nzima kama raia wa Gikomba.

#9 Kifaru Mweusi

Kwenye karatasi sawa. Mimi nazungumzia kambini. Mwamuzi anaweza kuteuliwa na yeyote, waliobaki wote wana mkubwa mmoja anayewapandisha vyeo. Hilo hujalijibu.

#10 NduguWaAskari

Asanteni. Kweli yupo mmoja ambaye hakuvaa magwanda, ndiye anayeamua mapingamizi. Nilidhani ni karani. Kwa hiyo anayemkatalia wakili wetu ni mwanasheria mwenzake?

#11 Karani wa Zamani (Eldoret)

Ndiye. Na ndiyo maana kukataliwa kwake kuna thamani. Uamuzi wa kisheria uliotolewa na kuandikwa ndio unaoweza kukatiwa rufaa. Mnong'ono wa kwenye korido haukatiwi rufaa.

Nimechapa kumbukumbu za kesi maisha yangu yote ya kazi, mahakama za kawaida, na za kijeshi zilikuwa zinanifikia zikija kwenye rufaa. Acha niwape kitu ambacho mawakili wengi wanakisahau, vijana kwa wazee.

Shahidi anaulizwa: mshtakiwa alikuwa umbali gani? Anajibu: "kama kutoka hapa mpaka pale." Anaonyesha mlango. Wote chumbani wameona. Mimi nachapa: "kama kutoka hapa mpaka pale." Mwaka unaofuata jaji anasoma sentensi hiyo, na pale hapajui, chumba chenyewe kilikuwa bwalo la kambi na meza zimesharudishwa. Wakili mzuri anasimama hapo hapo: "Naomba iandikwe kwamba shahidi ameonyesha umbali wa kama mita 10." Sekunde tano tu. Au shahidi anatikisa kichwa. Karani hachapi kichwa. Au shahidi anazungumza Kikamba, mwenzake anatafsiri, na hakuna palipoandikwa lugha iliyotumika wala jina la mkalimani.

Halafu vielelezo. Hati inaonyeshwa kwa shahidi, inapewa alama ya utambulisho, kila mtu anaizungumzia, kesi inaendelea. Hakuna anayekumbuka kuiingiza rasmi kama kielelezo. Ikifika rufaa, hati hiyo si ushahidi. Inauma sana kuona karatasi iliyoweza kumwokoa mtu imo ndani ya faili, na kisheria ni kama haimo.

Ndugu, muulize wakili wako swali moja: ameshaomba nakala ya kumbukumbu? Ibara ya 50(5) inampa mshtakiwa haki ya kuipata kesi ikiwa bado inaendelea, si baada ya hukumu tu. Aombe kwa barua, barua igongwe muhuri wa kupokelewa. Akipewa, aisome jioni hiyo hiyo na kusahihisha palipokosewa wakati mashahidi bado wanakumbuka. Akinyimwa, barua yenye muhuri nayo ni sababu ya rufaa.

#12 MtuWaNanyuki

#11 ingefaa ibandikwe ukutani kwenye vyuo vya sheria.

#13 MamaKoplo

Mimi naandika kama mke. Mume wangu alipitia hayo, kosa sitalitaja wala kambi.

Walimjia jioni kabla ya kusomewa mashtaka. Si kwa ubaya, walimjia kama kaka: "Kiri, usiwasumbue wakubwa, utapewa adhabu ndogo, utarudi kwa watoto." Hakuwa na wakili bado. Akakiri. Adhabu haikuwa ndogo hata kidogo, na kazi ikaenda. Tulipopata wakili wa rufaa, akasoma faili akatuambia milango karibu yote imefungwa. Aliyekiri kosa anaweza kulalamikia adhabu, kwamba ni kali mno au si halali. Kutiwa hatiani kwenyewe, labda uonyeshe kwamba kule kukiri hakukuwa kukiri kwa kweli.

Kwa hiyo Bin Shee unaposema wakili anahesabu vikao, mimi ningeuza shamba zima kumpata wakili wa aina hiyo siku ile.

#14 Wakili Kijana

Pole sana dada. Kwa wengine wanaosoma: kipimo cha kukiri kiko kwenye kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, 1973. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, vipengele vyote vielezwe, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, maelezo ya tukio yasomwe, kisha aulizwe kama anayakubali. Akisema "nakubali, lakini nilikuwa na ruhusa," huko si kukiri, iandikwe kwamba amekana. Hapo ndipo wengi huokoka kwenye rufaa, kama "lakini" yao iliandikwa.

#15 Bin Shee

MamaKoplo, pole kwa yaliyowakuta. Nabaki na msimamo wangu kuhusu bei kwa maandishi, hilo halimdhuru mtu.

#16 Mwana wa Kivu

Jambo bandugu. Miye ni mutu ya Goma, kwa sasa niko Nairobi. Nikisoma siku 14 naona nyinyi muko na bahati.

Kwetu Congo rufaa ya kijeshi ni siku 5. Tano! Angalieni kesi ya jaribio la mapinduzi la tarehe 19 Mei 2024 kule Kinshasa. Tribinali ya kijeshi ya Gombe ilikaa ndani ya gereza la Ndolo, na tarehe 13 Septemba ikahukumu watu 37 kifo, ikaachilia 14. Kutoka siku hiyo mawakili walikuwa na siku tano za kukata rufaa kwa watu wengi hivyo. Ukiwa hukuandika sababu zako wakati kesi inaendelea, utaziandika lini?

Lakini sikilizeni mwisho wake. Rufaa ilisikilizwa, na Januari 2025 mahakama ya kijeshi ikaziacha pale pale hukumu za kifo za Wamarekani watatu waliokuwa kati ya wale 37. Mwezi wa Aprili Rais akazigeuza kuwa kifungo cha maisha, na wakarudishwa kwao Marekani. Rufaa haikuwaokoa. Serikali ya kwao ndiyo iliwaokoa. Koplo wa Rutshuru nani atampigia simu?

Na kuna mahakama ambayo hata hizo siku tano haina: mahakama ya kijeshi ya operesheni, inayowekwa sehemu ya vita. Kanuni ya mahakama za kijeshi ya 2002 inasema uamuzi wake hauna rufaa. Kesi ya Minova, ya askari walioshtakiwa kubaka wanawake kule, ilihukumiwa hivyo Goma, Mei 2014, askari 39, na waliopatikana na hatia ya ubakaji ni wawili tu. Waliohukumiwa hawakuwa na pa kwenda, na wale wamama nao hawakuwa na pa kwenda. Katiba yetu ya 2006, Ibara ya 21, inasema kila mtu ana haki ya kukata rufaa. Mawakili walilisema hilo ndani ya kesi, kusudi libaki limeandikwa.

#17 Tito_Mbezi (Dar)

Mwana wa Kivu, nilisoma mahali kwamba Congo rufaa ni siku 10.

#18 Mwana wa Kivu

Kumi ni tribinali za raia. Kijeshi ni tano. Kuchanganya hizo mbili ndiko kunapoteza watu, familia inafika siku ya saba na makaratasi mkononi.

#19 Tito_Mbezi

Sawa mkuu. Ila unasema rufaa haisaidii Congo. Vipi kesi ya Floribert Chebeya, yule mtetezi wa haki za binadamu aliyeuawa 2010? Yule kanali wa polisi Mukalay alihukumiwa kifo 2011, na rufaa Mahakama Kuu ya Kijeshi ikaishia 2015 kwa miaka 15. Si ni rufaa hiyo?

#20 Mwana wa Kivu

Ni rufaa, kweli. Miaka minne ya kungoja. Na familia ya Chebeya iliona imedhulumiwa, kwa sababu kesi ikaja kufunguliwa tena na 2022 kukatoka hukumu nyingine ya kifo, kwa ofisa mwingine. Kwa hiyo ile ya 2015 ilikuwa haki ya nani? Miye sijui kuita hiyo ushindi.

#21 Kampala Kwetu

Wakuu, mimi naleta upande wa Uganda kwa sababu unamjibu Ndugu moja kwa moja: je, pingamizi lililokataliwa lina kazi?

Michael Kabaziguruka, aliyekuwa mbunge wa Nakawa, alifikishwa mahakama ya kijeshi ya Makindye 2016. Hoja yake ilikuwa moja: mimi raia, nyinyi hamna mamlaka juu yangu. Ikaenda Mahakama ya Katiba, akashinda Julai 2021 kwa majaji 3 kwa 2. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ikasema raia wasishtakiwe kwenye mahakama za kijeshi, kesi zao zihamishwe mahakama za kawaida. Kesi ya Kizza Besigye, mwanasiasa wa upinzani ambaye walimchukua Nairobi Novemba 2024 wakampeleka Makindye, ikahamia mahakama ya kiraia baada ya hapo. Kwa hiyo hoja iliyoshikiliwa tangu siku ya kwanza ilibadilisha sheria ya nchi, miaka 9 baadaye.

Nawapa na upande wa pili. Mei ya mwaka huo huo wa 2025 Bunge likapitisha mabadiliko ya Sheria ya UPDF, yaani jeshi la Uganda, yaliyorudisha mlango wa kuwashtaki raia katika mazingira fulani. Na wakili Eron Kiiza, Januari 2025, alipewa miezi 9 kwa kuidharau mahakama pale Makindye. Akatoka kwa dhamana Aprili. Kwa hiyo Mzee Mstaafu hakukosea kusema wale mbele wana hasira.

#22 Mstaafu 79

Asante kijana wa Kampala. Mimi sisemi wakili aogope. Nasema achague.

#23 Kifaru Mweusi

Mnaona sasa? Uganda hoja ilishinda na sheria ikageuzwa ndani ya miezi minne. Congo rufaa ilishindwa na siasa ikaokoa. Mnaendelea kutuambia siri iko kwenye kuandika kumbukumbu vizuri. Siri iko kwa mwenye nguvu.

#24 Karani wa Zamani

Kifaru, nimeona askari wasio na mtu yeyote wakiachiwa na Mahakama Kuu kwa sababu shtaka lilisema tarehe moja na mashahidi wakasema nyingine, na wakili alikuwa amelionyesha hilo mapema likaandikwa. Hakuna mwenye nguvu aliyejua hata majina yao.

#25 Bin Shee

Tukiwa bado kwenye historia, nani anakumbuka kesi za 1982 hapa Kenya, baada ya jaribio la mapinduzi la askari wa jeshi la anga? Baba yangu alikuwa kazini Eastleigh, si mwanajeshi, fundi wa umeme. Alituhadithia jinsi jeshi zima la anga lilivyovunjwa na watu kupangwa mstari mbele ya mahakama za Lang'ata.

#26 Mstaafu 79

Ochuka, kiongozi wa jaribio lile, alikimbilia kwetu Tanzania kwa ndege. Baadaye alirudishwa Kenya, akashtakiwa, na 1987 akanyongwa. Alikuwa senior private tu, cheo cha pili kutoka chini. Vijana wa sasa hawajui uzito wa maneno "mahakama ya kijeshi" kwa watu wa umri wetu.

#27 MtuWaNanyuki

Wazee turudini kwa koplo, mtatufikisha Vita vya Kwanza vya Dunia.

#28 Wakili Kijana

Turudi. Ndugu, jambo ninaloliona kubwa kwenye kesi yako hujaliuliza: zile meseji za WhatsApp.

Kutoroka jeshini na kukaa nje bila ruhusa ni makosa mawili tofauti. La kwanza linataka nia ya kutorudi kabisa, na adhabu yake inapanda hadi kifungo cha maisha kama askari alikuwa katika operesheni au ameshaamriwa kwenda. La pili ni dogo mbali sana. Jibu la sajenti, "sawa, mwangalie mama," linapiga ile nia. Na kule kurudi mwenyewe getini kunapiga tena.

Lakini picha ya skrini iliyochapwa haitoshi. Kifungo cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka hati ya uthibitisho: nani alichapa, kutoka simu gani, kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Bila hati hiyo upande wa mashtaka utapinga na watakuwa sahihi. Msijidanganye kwamba mtaipeleka Mahakama Kuu baadaye, kwa sababu ushahidi mpya kwenye rufaa unaruhusiwa kwa shida, na swali la kwanza ni kama mlikuwa nao wakati wa kesi. Mlikuwa nao.

Simu yenyewe iko wapi?

#29 NduguWaAskari

Simu walimchukua siku aliyorudi. Haikuandikwa popote. Sisi tuna picha alizomtumia dada yetu siku ile ile mama akiwa wodini, kwa hiyo ziko kwenye simu ya dada.

#30 Wakili Kijana

Basi wakili aombe mahakama iamuru simu iletwe, aombe kwa sauti, na ombi liandikwe. Ikiletwa, mmeshinda nusu. Wakikataa au wakisema imepotea, hilo ni suala zito la rufaa kwa sababu mshtakiwa amenyimwa nyenzo za kujitetea. Dada naye ahifadhi simu yake, asifute, asibadilishe kifaa, awe tayari kusimama kama shahidi. Na sajenti aitwe. Kama upande wa mashtaka hawamwiti, utetezi umwite.

#31 Mstaafu 79

Hapo kwa sajenti nakupinga kabisa. Sajenti akiitwa na utetezi mbele ya wakubwa zake, akiri kwamba alitoa ruhusa asiyokuwa na mamlaka nayo, unadhani atasema nini? Atasema hakumbuki. Na jibu hilo nalo litaandikwa, jaji atalisoma. Mmejitengenezea shahidi wa adui.

#32 Karani wa Zamani

Lakini akisema hakumbuki, kisha meseji yake ikasomwa mbele yake, hilo nalo litaandikwa. Jaji anapenda sana ukurasa wa namna hiyo.

#33 MamaKoplo

Na mshtakiwa mwenyewe? Apande kizimbani au anyamaze? Wetu hatukufika huko.

#34 Kampala Kwetu

Anyamaze. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mashtaka. Akipanda watamuuliza mpaka ajikwae.

#35 Mstaafu 79

Apande! Wajumbe ni askari, wanataka kumsikia askari. Mtu aliyerudi mwenyewe ana la kusema. Akinyamaza wataona ana la kuficha, hata sheria ikisema wasione hivyo.

#36 Wakili Kijana

Mimi kwa mtazamo wa rufaa ningetaka apande na aseme kwa kiapo. Nia ya kurudi iko kichwani mwake, hakuna mwingine anayeweza kuiweka kwenye kumbukumbu kwa ukamilifu. Lakini nakiri mawakili wazuri wanaoniheshimu nami nawaheshimu wangesema kinyume, hasa kama kuna jambo jingine kwenye rekodi yake ya kazi. Lipo?

#37 NduguWaAskari

Kuna onyo la kuchelewa lindo, la zamani. Wakili analijua.

#38 Kampala Kwetu

Ndio hilo sasa. Watalichomoa.

#39 Tito_Mbezi

Swali la pembeni: wakati rufaa inangoja, anaweza kutoka kwa dhamana?

#40 Wakili Kijana

Kenya inawezekana, lakini ni ngumu kuliko dhamana ya kabla ya hukumu, kwa sababu sasa ameshatiwa hatiani. Kesi ya Jivraj Shah ya 1986 ndiyo kipimo: uonyeshe kwa haraka haraka kwamba rufaa ina nafasi kubwa ya kushinda kwa hoja nzito ya kisheria, na kwamba atakuwa amekimaliza kifungo, au sehemu yake kubwa, kabla haijasikilizwa. Kwa kifungo kifupi hoja ya pili ina nguvu. Ombi liandaliwe sasa, pamoja na hati ya rufaa, na pachache pabaki wazi pa kujaza tarehe na adhabu. Hizo siku 14 zinakwisha haraka sana mtu akiwa gereza la mbali na familia haijui yuko lipi.

#41 Bin Shee

Hapo Wakili Kijana umenigusa. Ndugu, mkikosa pesa ya rufaa, Mombasa na Nairobi wapo mawakili wanaojitolea. Niandikie faraghani, nitauliza watu.

#42 NduguWaAskari

Asanteni nyote. Leo nimemwonyesha wakili #11 na #28. Barua ya kuomba kumbukumbu alishaipeleka, muhuri upo. Ombi la simu litasomwa kikao kijacho. Suala la mdogo wangu kupanda kizimbani bado hawajakubaliana, yeye anataka, wakili anasita.

#43 Kifaru Mweusi

Yule mjumbe mliyempinga, alibaki kwenye jopo? Na sababu ya kumpinga iliandikwa au ilisemwa tu?

#44 NduguWaAskari

Alibaki. Aliwahi kuwa mkuu wa kikosi cha mdogo wangu. Iliandikwa, neno kwa neno.

#45 Mstaafu 79

Hiyo ndiyo moja kati ya zile mbili ningepigania. Hilo mngeanza nalo uzi.